Herbert Wigwe, mnunuzi wa benki

Mwishoni mwa Mei 2025 benki ya KCB ilikamilisha kuiuza National Bank of Kenya (NBK) kwa Access Bank ya Nigeria. Wakenya wengi walishangaa kuona benki iliyoanzishwa na serikali yao mwaka 1968, iliyozoeleka kwa akaunti za watumishi wa umma, ikichukuliwa na watu wa Lagos. Wanaoifuatilia Access hawakushangaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini benki hiyo imekua hasa kwa kununua benki nyingine na kuzimeza. Herbert Wigwe, aliyekuwa ndani ya kazi hiyo tangu siku ya kwanza, alifariki 9 Februari 2024, mwezi mmoja tu kabla ya mkataba wa NBK kutangazwa.

Hapa nitaeleza jinsi alivyokuwa akinunua, maana wanabenki wa Nigeria huandikwa sana kwa utajiri wao na kazi yenyewe haielezwi. Ukinunua kiwanda unapata mashine, na madeni yake unayaona. Ukinunua benki unachukua amana za wateja, ambazo ni deni lako kuanzia siku hiyo, pamoja na mikopo, ambayo ndiyo mali yenyewe. Thamani ya mali hiyo utaijua kwa hakika siku mkopaji anapolipa au anaposhindwa. Ndiyo maana kila ununuzi wa benki unarudi kwenye swali hili: mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, iliyofichwa humo ndani ataibeba nani? Aliyeuza, serikali, wanahisa wa zamani, au wewe? Wigwe alipitia karibu majibu yote.

Alizaliwa mwaka 1966 katika familia yenye asili ya Isiokpo, Jimbo la Rivers. Alisomea uhasibu Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kisha akaenda Uingereza kwa shahada za uzamili, ya benki na fedha kule North Wales na ya uchumi wa fedha Chuo Kikuu cha London. Alifanya kazi ya ushauri Coopers & Lybrand mjini Lagos, akapata sifa ya mhasibu aliyeidhinishwa, kisha akakaa zaidi ya miaka kumi Guaranty Trust Bank, ile iliyoanzishwa mwaka 1990 na Fola Adeola na Tayo Aderinokun. Wengi waliokuja kuongoza benki za Nigeria wamepita hapo. Alikuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji wakati yeye na mwenzake Aigboje Aig-Imoukhuede walipoamua kuondoka.

Mwaka 2002 wawili hao waliichukua Access Bank. Ilikuwa ya 65 kwa ukubwa kati ya benki 89 za Nigeria. Aig-Imoukhuede akawa mkurugenzi mkuu, Wigwe akawa naibu wake. Kwa nini wanunue benki dhaifu badala ya kuomba leseni mpya? Kwa sababu Access ilikuwa na vitu viwili ambavyo huchukua muda kuvipata: leseni inayofanya kazi na hisa zilizoandikishwa Soko la Hisa la Nigeria tangu 1998. Benki iliyo sokoni unaweza kuiingia kwa kukusanya hisa zake, na baadaye unaweza kuongeza mtaji kwa kuuza hisa mpya kwa umma bila kuanza upya.

Benki ndogo za Lagos wakati huo ziliishi kwa mambo mawili, biashara ya fedha za kigeni na amana za taasisi za serikali. Amana za serikali zina hatari yake: zinaingia kwa wingi na zinaondoka kwa barua moja. Access ikaelekea kwingine. Ilianza na kampuni kubwa, kisha ikafuata watu wote wanaofanya biashara na kampuni hiyo. Chukua kiwanda cha saruji. Benki ikiwa na akaunti ya kiwanda, inajua kiwanda kinamlipa nani kwa malighafi, nani anasafirisha, wasambazaji ni akina nani na kila mmoja anachukua malori mangapi kwa mwezi. Msambazaji huyo akija kuomba mkopo, benki haitegemei hesabu alizoziandika mwenyewe, inayo historia ya malipo yake kutoka upande wa pili. Mkopo unalipwa moja kwa moja kiwandani, saruji inatoka, mauzo yanarudi kwenye akaunti iliyo benki hiyohiyo. Mbinu hii ina udhaifu mmoja: kiwanda kikisimama, mikopo ya mnyororo mzima inayumba pamoja. Lakini kwa benki isiyo na matawi mengi, ni njia nzuri ya kukua.

Tarehe 6 Julai 2004 gavana wa Benki Kuu, Charles Soludo, akatangaza kwamba kila benki iwe na mtaji wa naira bilioni 25 ifikapo 31 Desemba 2005. Kiwango cha zamani kilikuwa bilioni 2. Soludo alitoa mfano uliowauma wengi: benki kubwa kabisa ya Nigeria ilikuwa na mtaji wa takriban dola milioni 240, ilhali ndogo kabisa ya Malaysia ilikuwa na dola milioni 526. Muda ulipokwisha, benki 89 zilibaki 25. Access ilivuka kwa kuuza hisa na kwa kuungana na Marina Bank na Capital Bank International.

Ni vizuri kuelewa kilichoharibika katika zoezi lile, kwa sababu ndicho kilichoipa Access nafasi yake kubwa baadaye. Benki nyingi zilikimbilia sokoni kutafuta mtaji kwa wakati mmoja, na baadhi zikatengeneza mtaji wa karatasi. Inakuwa hivi. Benki inamkopesha mteja naira 100. Mteja anatumia naira hizo kununua hisa mpya za benki hiyohiyo. Vitabuni benki inaandika mtaji mpya wa 100 na mkopo mpya wa 100, ila hakuna hata naira moja iliyoingia kutoka nje. Bei ya hisa ikipanda, kila mtu anaonekana tajiri. Ikishuka hadi 30, mteja hana cha kulipia, dhamana aliyoweka ni hisa zilezile, na mkopo na mtaji vinakufa siku moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Kipimo cha Soko la Hisa la Nigeria kilipita alama 66,000 Machi 2008, na mwanzoni mwa 2009 kilikuwa karibu 20,000. Sanusi Lamido Sanusi alishika ugavana Juni 2009, akafanya ukaguzi, na tarehe 14 Agosti akawaondoa wakuu wa benki tano kwa mpigo: Afribank, Finbank, Intercontinental, Oceanic na Union Bank. Baadaye wakafuata wengine watatu, na jumla ya fedha ambazo Benki Kuu ilizimwagia benki hizo ilifika naira bilioni 620. Katika hotuba yake ya Kano mwaka 2010 Sanusi alisema asilimia 30 ya mtaji wa hisa wa Intercontinental ulikuwa umenunuliwa kwa amana za wateja.

Intercontinental ilikuwa kubwa kuliko Access, yenye matawi nchi nzima. Aig-Imoukhuede na Wigwe wakaamua kuichukua. Kitu walichosubiri, na ambacho nadhani kilikuwa uamuzi bora kuliko wote katika kazi yao, ni serikali kusafisha kwanza. Mwaka 2010 Nigeria iliunda AMCON, shirika la kununua mikopo chechefu. AMCON ilichukua mikopo ile kwa bei iliyopunguzwa na kuilipia kwa hatifungani zake (hati za ahadi ya kulipa baadaye), kisha ikaziba shimo lililobaki hadi mali na madeni ya Intercontinental vikalingana, yaani thamani yake halisi ikawa sifuri badala ya hasi. Hapo ndipo Access ilipoingia na naira bilioni 50. Mgawanyo ukawa hivi: Access asilimia 75, AMCON asilimia 15, wanahisa wa zamani asilimia 10. Shughuli ilikamilika Oktoba 2011, na mwanzoni mwa 2012 benki mbili zikawa moja.

Angalia nani alibeba nini. Hasara ya mikopo ilikwenda kwa AMCON, ambayo gharama yake ililipwa na umma pamoja na tozo ya kila mwaka kwa benki zote. Wanahisa wa zamani walibaki na sehemu ndogo. Mwenye amana hakupoteza. Mnunuzi alilipa ili kuweka mtaji mpya ndani, na fedha zake zilibaki kufanya kazi katika benki aliyoimiliki. Access ikaruka hadi miongoni mwa benki kubwa za nchi.

Mwisho wa 2013 Aig-Imoukhuede alistaafu, na 1 Januari 2014 Wigwe akawa mkurugenzi mkuu. Ununuzi wake mkubwa ulikuwa wa Diamond Bank, na hapo hapakuwa na AMCON ya kusafisha.

Diamond ilianzishwa na Pascal Dozie, ikafungua milango mwaka 1991, na ilikuwa na kitu ambacho Access haikuwa nacho: watu wa kawaida. Kuanzia 2013 ilikuwa na akaunti ya BETA, ambayo mawakala wake walitembea sokoni kila siku wakikusanya akiba za mama wauza vitambaa na nyanya pale walipo, wakizirekodi kwa simu. Anayeufahamu mchezo wa upatu ataielewa haraka. Lakini upande wa pili wa mizania Diamond ilikuwa imekopesha sana sekta ya mafuta. Bei ya mafuta iliporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 Januari 2016, na naira ikaporomoka nayo. Mwishoni mwa 2018 Diamond ilikuwa imeteremka kutoka leseni ya kimataifa hadi ya kitaifa. Ya kwanza ilidai mtaji uwe asilimia 15 ya mali baada ya kupima hatari zake, ya pili ilidai asilimia 10 tu, kwa hiyo mtu anayeteremka anajieleza mwenyewe. Tena ilikuwa na hatifungani ya dola milioni 200 ya kulipwa Mei 2019.

Desemba 2018 mpango wa Access kuichukua Diamond ukatangazwa. Kila hisa ya Diamond italipwa naira 3.13. Hesabu yake ni nzuri kuifuata. Bei ya Diamond sokoni ilikuwa naira 0.87, ya Access naira 7.45. Mwanahisa wa Diamond alipewa naira 1.00 taslimu kwa kila hisa, na hisa 2 mpya za Access kwa kila hisa 7 za Diamond alizonazo. Zidisha 7.45 kwa 2 kisha gawanya kwa 7, ni 2.13, ongeza 1.00, unapata 3.13. Diamond ilikuwa na hisa takriban bilioni 23.16. Kwa hiyo fedha taslimu zilizotoka ni kama naira bilioni 23.2, na hisa mpya zilizotolewa ni kama bilioni 6.6, zikaifanya Access kufika hisa bilioni 35.5 kutoka 28.9.

Wengine walipiga kelele kwamba Wigwe amelipa mara tatu na nusu ya bei ya soko kwa benki inayozama. Naona walikosea. Bei ya 0.87 ilikuwa bei ya hofu, wala isingewezekana kupata kibali cha wanahisa kwa kiasi hicho. Na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa karatasi ya Access yenyewe: mikopo ya Diamond ikigeuka mibovu zaidi ya ilivyodhaniwa, bei ya hisa za Access ingeshuka, na waliokuwa wanahisa wa Diamond wangeumia pamoja na wote. Ni njia ya kumfanya muuzaji abebe sehemu ya hatari aliyoiacha. Gharama yake ni kwamba wanahisa wa zamani wa Access walipunguziwa sehemu yao, kutoka asilimia 100 hadi takriban 81 ya benki mpya. Uwiano wa mikopo chechefu wa Access kweli ulipanda baada ya muungano, na ilichukua muda kuushusha.

Benki ya pamoja ilianza 1 Aprili 2019 ikiwa na wateja milioni 29. Wigwe akafanya jambo ambalo wanunuzi wengi wangeliona fedheha: alibakiza jina la Access lakini nembo mpya ikaufuata mtindo wa Diamond. Mteja wa BETA aliyepita barabarani aliiona alama inayofanana na aliyoizoea.

Ndani ya mitambo kuna jambo dogo linaloonyesha ugumu wa kuunganisha. Nambari ya akaunti Nigeria ina tarakimu 10, tisa za mfululizo na ya mwisho ya ukaguzi. Ile ya ukaguzi inakokotolewa kwa kuchanganya tarakimu tisa na msimbo wa benki. Msimbo wa Access ni 044, wa Diamond 063. Ukizihamishia akaunti zote za Diamond kwenye 044, tarakimu ya ukaguzi ya mamilioni ya akaunti haitalingana, na kila mshahara na hawala inayoelekezwa huko itakataliwa. Suluhisho lilikuwa kuuacha msimbo wa zamani uishi. Hadi leo kwenye orodha za malipo utaona mistari miwili, Access Bank na Access Bank ya Diamond. Hata misimbo ya simu ilibaki miwili baada ya muungano, *901# na *426#. Mtu anayenunua benki akidhani kazi imekwisha siku ya kutia saini, hapa ndipo anapofundishwa.

Nje ya Nigeria kazi yake ilikuwa na mafanikio yasiyo sawa. Access iliingia Rwanda mwaka 2008 kwa kununua Bancor, ikaingia Congo, Ghana, Zambia na kwingineko. Burundi na Côte d'Ivoire ilijaribu kisha ikatoka. Wimbi la pili lilianza 2020: Transnational Bank ya Kenya, Grobank ya Afrika Kusini, kisha matawi ya BancABC yaliyokuwa chini ya kampuni ya Atlas Mara, yakiwemo ya Msumbiji, Botswana na baadaye Tanzania. Mwaka 2023 ilikubaliana na Standard Chartered kuchukua benki zake za Angola, Kameruni, Gambia na Sierra Leone, pamoja na biashara ya wateja binafsi ya Tanzania. Kwa maoni yangu huu ndio upande dhaifu wa mkakati wake. Kila nchi inadai leseni yake, bodi yake, mtaji wake uliofungwa huko na mitambo iliyounganishwa upya, na benki ndogo ya nafasi ya ishirini katika soko fulani haigeuki kuwa kubwa kwa sababu tu mwenye hisa yuko Lagos.

Nadhani alilijua hilo, na ndiyo maana aliitafuta benki kubwa zaidi Kenya. Juni 2022 Access ilikubaliana na kampuni ya uwekezaji ya Centum kununua asilimia 83.4 ya benki ya Sidian kwa shilingi bilioni 4.3. Mpango ukavunjika Januari 2023. Kisha ikaja NBK. KCB ilikuwa imeichukua mwaka 2019 bila fedha taslimu, kwa kubadilishana hisa 10 za NBK kwa 1 ya KCB. Ilipoiuza kwa Access, bei ilipangwa kuwa mara 1.25 ya thamani ya vitabuni (mali ukitoa madeni), na thamani hiyo mwishoni mwa 2023 ilikuwa kama shilingi bilioni 10.6. Linganisha na Intercontinental, ambapo mnunuzi alingoja kitabu kifike sifuri. Hapa Access imelipa zaidi ya kitabu, kwa hiyo kama kuna mkopo uliopewa thamani isiyostahili, ni wake.

Wigwe alikufa katika ajali ya helikopta kwenye jangwa la Mojave, California, karibu na Nipton, pamoja na mkewe, mwanawe, na Abimbola Ogunbanjo aliyewahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la Nigeria. Marubani wawili walikufa pia. Alikuwa na miaka 57. Chuo kikuu alichokuwa akikijenga Isiokpo kilianza masomo mwaka huohuo bila yeye, na Aig-Imoukhuede akarudi kuwa mwenyekiti wa Access Holdings.

Mwezi uliofuata kifo chake Benki Kuu ya Nigeria ilitangaza kiwango kipya cha mtaji, naira bilioni 500 kwa benki za leseni ya kimataifa kufikia 31 Machi 2026. Sababu inaonekana ukigeuza naira kuwa dola. Zile bilioni 25 za Soludo zilikuwa karibu dola milioni 190 mwaka 2005. Kwa bei ya takriban naira 1,300 kwa dola mwishoni mwa Machi 2024, zimebaki kama dola milioni 19. Safari hii Benki Kuu ilihesabu mtaji wa hisa na ziada ya bei ya hisa tu. Faida iliyolimbikizwa haikuhesabiwa, ingawa ni fedha halisi. Access ikawauzia wanahisa wake hisa 1 mpya kwa kila 2 walizonazo, kwa naira 19.75. Hisa bilioni 17.77 zikaleta naira bilioni 351, ikawa ya kwanza kuvuka.

Kenya nayo ilibadili sheria Desemba 2024. Mtaji wa chini wa benki ulipangwa kupanda kutoka shilingi bilioni 1 hadi 3 mwishoni mwa 2025, kisha ngazi kwa ngazi hadi bilioni 10 mwishoni mwa 2029. Benki ndogo za Nairobi ziko pale ilipokuwa Access Julai 2004, zikiwa na miaka michache zaidi ya kujipanga, na safari hii Access imekaa upande wa wanunuzi.